Fomu Kutoka Katikati ya Mto

Aliyekuwapo Songea mwaka wa 2002 anaikumbuka foleni ya pale intaneti, nyuma ya soko kuu. Kompyuta zilikuwa sita, zilizokuwa nzima ni nne, na mji mzima ulikuwa umegundua kwa siku moja kwamba una ndugu wa mbali wa kuwaandikia. Watu walipanga mstari tangu asubuhi wakiwa na miavuli na vikaratasi vyenye anwani, na mwenye nyumba akipita katikati yao kama mkuu wa shule. Katika vurugu hiyo kulikuwa na kiti kimoja chenye heshima yake, cha tatu kutoka mlangoni. Kila Ijumaa saa nne kilikuwa cha Kunegunda Luambano, karani wa takwimu wa misitu, kwa sababu ofisi yao ilipewa kompyuta ikasahauliwa kupewa laini.

Ijumaa moja ya Januari, mvua ikipiga mabati hadi watu wanaongea kwa mikono, Kunegunda aliingia akakuta kiti chake kimekaliwa. Alikuwa na sketi ya bluu na sweta la zambarau alilofumiwa na mama yake, nywele kasuka twende kilioni, mtindo ambao mama yule hakuupenda kwa sababu ya jina lake tu. Aliyekalia kiti alikuwa kijana mrefu mwenye koti la kijani lililolowa mabegani, matope hadi magotini, na baraghashia nyeupe imekunjwa vizuri mfukoni mwa shati. Alikuwa anachapa kwa kidole kimoja, na baada ya kila herufi anakitazama kidole kile kana kwamba kimemshangaza.

"Kaka, samahani. Hicho kiti ni cha ofisi."

"Hata mimi ni wa ofisi, dada yangu. Nimalizie mti mmoja tu."

Kunegunda akainama kutazama ni mti gani huo usioweza kusubiri. Kwenye kioo aliikuta fomu anayoijua kuliko kiganja chake: jina la mti, jina la kienyeji, mahali, unene, urefu, hali, na chini kabisa sehemu ndogo iliyoandikwa Maelezo Mengine. Pembeni palikuwa na namba ya mpimaji, TZ-14.

Hapo inabidi nieleze kidogo. Tanzania, Msumbiji na Malawi zilikuwa zimeanzisha mtandao wa kupeana taarifa za misitu. Mti uliopimwa Tunduru leo, mtu wa Lichinga au wa Zomba aliweza kuufungua kesho kwenye kompyuta yake akajua uko wapi, unaitwaje, na kama bado umesimama. Fomu za mkoa wa Ruvuma zilipita kwanza mikononi mwa Kunegunda, azisahihishe ndipo ziende. Kwa miezi mitano alikuwa anasahihisha za TZ-14, ambaye vipimo vyake vilinyooka kuliko vya watu wote na Kiswahili chake kilimtoa machozi. Alikuwa ameshajichorea picha yake kichwani: mzee wa Kiyao, mkali, anayekaribia kustaafu.

"Kumbe wewe ndiye unayeandika mlefu," alisema. "Mti mlefu, mto mlefu, njia ndefu ndiyo unapatia."

Kijana akageuka taratibu. "Na wewe ndiye K. Luambano? Miezi mitano mimi najua nasahihishwa na mzee mwenye upara."

Kunegunda hakutaka kucheka, akacheka. Umeme ukakatika, foleni nzima ikaguna, na wao wawili wakabaki wamekaa gizani mbele ya kioo cheusi wakiulizana majina. Yeye aliitwa Muhsini, wa Namasakata huko Tunduru, amelelewa na bibi yake kwenye mikorosho. Umeme uliporudi, mti wake ulikuwa umepotea, ikabidi aanze upya, na Kunegunda hakumharakisha.

Mapenzi yao yalikulia mahali ambapo hakuna mapenzi mengine yaliyowahi kukulia, yaani kwenye Maelezo Mengine. Muhsini alirudi Tunduru, na fomu zake zikaanza kuja na vijineno. Mninga, unene sentimeta hamsini na mbili, hali nzuri. Maelezo mengine: karani wangu amekula? Kunegunda alivifuta kabla ya kuipeleka fomu mbele, na kujibu kwenye fomu ya marekebisho: amekula dagaa wa Nyasa, na mrefu ni kwa r. Ijumaa moja alisahau kufuta. Jumatatu yake mtu wa Zomba, ambaye hawakumjua hata sura, alituma salamu kwa Kiswahili chake cha kuungaunga kwamba huko wanasoma wote na wanasubiri mwendelezo. Kunegunda aliona aibu wiki nzima. Muhsini, alipopiga simu ofisini, alicheka hadi mzee Hironimus, mkuu wa kazi wa Kunegunda, akasikia kicheko kikitoka kwenye mkono wa simu akauliza ni mbwa gani huyo.

Kila mwezi alikuja Songea na basi. Walipanda hadi chini ya Matogoro wakiuona mji wote, wakala mahindi ya kuchoma, wakabishana majina ya miti. Ni huko alikomwambia kwamba anataka kumwoa. Kunegunda alimpenda, tuseme wazi, alimpenda mpaka akawa anasoma fomu za watu wengine kwa huruma. Lakini alikuwa binti wa Bombambili aliyebatizwa, akapata kipaimara na kuimba kwaya, na mama yake, Mama Leticia, kila jioni alitaja kijana mmoja au mwingine wa Peramiho. Basi akawa anamzungusha. Mwezi huu nina kazi, mwezi ujao ni Kwaresima.

Mwezi wa Mei, Muhsini alipewa safari. Kazi ya mtandao ilikuwa imekwama kwenye majina, mti mmoja unaingizwa mara tatu kwa sababu kila nchi inauita kivyake. Wakubwa wakaamua waanze na msolo, ambao watu wa pande zote mbili za Mto Ruvuma wanauita karibu sawa, wapime mmoja kila wafikapo kutoka Songea hadi Lichinga. Muhsini angejaza fomu kwa mkono njiani, na karani wa Lichinga, mwenye laini nzuri, angezichapa.

Msolo wa kwanza ulikuwa ukingoni mwa ua wa akina Kunegunda, mti wa kawaida wenye gome la kijivu, majani yameanza kuwa mekundu kwa kiangazi. Muhsini aliuzungushia utepe, akaandika, akafunika karatasi kwa kiganja alipofika chini.

"Umeandika nini hapo?"

"Utasoma itakapokuja. Gunda, sikuombi mengine. Niambie ndiyo au hapana, niende nikijua."

"Nitakujibu ukirudi."

"Mto ule haujui kwamba nina jibu la kurudia."

Aliyasema kwa utani, akavaa baraghashia yake, akaenda. Kunegunda alisimama chini ya msolo mpaka koti la kijani likapotea kwenye kona ya mashine ya kusaga.

Siku nne baadaye simu ya ofisini ililia. Alikuwa Muhsini, yuko Tunduru, kesho anaelekea mtoni. Akamwambia, kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema, kwamba bibi yake alimmwagia unga kwenye msolo jana jioni, akaufunikia chungu, na asubuhi wameukuta umesimama vilevile.

Kwa akina Kunegunda unga chini ya mti humwagiwa marehemu. Bibi mzaa baba alikuwa akifanya hivyo kwa siri baada ya misa, akiwaita waliotangulia kwa majina, mmoja mmoja. Kummwagia mtu aliye hai, anayekula na kucheka, kwake ilikuwa sawa na kumchimbia kaburi huku anatazama.

"Mwambie bibi yako akauzoe huo unga."

"Gunda, humjui bibi yangu. Usimseme."

"Namjua anayekuita mfu."

Kisha Muhsini akasema kwa upole uliomuuma kuliko matusi kwamba simu inatakiwa na wengine, akakata. Kunegunda alibaki ameshika mkono wa simu unaolia. Angepiga tena kama angejua apige wapi, lakini Muhsini alikuwa ametumia simu ya posta.

Juni ikaingia na baridi yake. Songea baridi ya Juni huja na ukungu kutoka Matogoro, asubuhi watu hukutana barabarani wakiwa wameshagongana. Muhsini hakuandika. Wiki ya pili, dereva wa basi la Tunduru alileta habari stendi kwamba kiboko amepindua mtumbwi Ruvuma, na mtu wa misitu, mrefu, mwenye koti la kijani, amekwenda na maji. Habari ilipofika ofisini ilikuwa imeshapata jina.

Kunegunda hakuamini siku ile, wala ya pili. Ijumaa, tarehe ishirini na moja, aliketi kwenye kiti cha tatu akafungua ukurasa wa mtandao. Palikuwa na fomu mpya. Imetumwa na ofisi ya Lichinga; mpimaji, TZ-14. Msolo, unene sentimeta arobaini na moja. Aliposoma mahali, akaichukua ramani aliyokuja nayo akafuata namba kwa kalamu, kalamu ikatua kwenye mstari wa bluu. Akarudia. Katikati ya Mto Ruvuma, mahali ambapo pasingeweza kuota hata nyasi. Urefu: sifuri. Hali: hai. Maelezo Mengine palikuwa patupu.

Alitoka nje ameshika ramani, watu wa foleni wakampisha.

Wiki iliyofuata mzee Hironimus alimwambia, kwa huruma, kwamba Zomba wanataka orodha ya washiriki walio kazini, na kwamba ukweli lazima uandikwe. Kunegunda akafungua jina la Muhsini, mahali pa hali akaweka marehemu. Mashine ikamuuliza uthibitisho. Hakuwa na barua wala cheti, hakuwa na hata kaburi. Akaandika kitu pekee alichokuwa na hakika nacho: Alimwagiwa unga kwenye msolo. Ikamuuliza uhusiano wake na marehemu. Akaandika: mfanyakazi mwenzake. Neno hilo lilimtesa. Jumapili ya wiki ile alipeleka jina kwenye misa ya marehemu, na katekista alipolisoma, Muhsini wa Namasakata, katikati ya akina Walburga na Rupert, kanisa zima liligeuka kutazama nyuma. Mama Leticia aliinamisha kichwa. Siku hiyo hakumtajia kijana yeyote.

Lakini fomu hazikukoma.

Kila Ijumaa ilikuja moja, kutoka Lichinga, mpimaji TZ-14, mti uleule, maelezo matupu. Ya pili ilitoka kijiji cha ukingoni, upande wa Tanzania. Ya tatu ilitoka Namasakata. Kunegunda alianza kuchoma pini kwenye ramani kubwa ya ukutani, bila kusudi, kwa mazoea ya kazi tu. Ya nne ilipotua Tunduru mjini alisogea nyuma akaona alichokuwa anakifanya. Pini zilikuwa zimepanga mstari. Zilikuwa zinatoka mtoni, zinafuata barabara, zinakuja Songea.

Aliwaandikia Lichinga kwa Kiswahili chepesi: ni nani anayepima miti hii? Jibu lilikuja neno moja, Obrigado. Akamuuliza mwenye nyumba ya intaneti, akaambiwa ni asante. Asante ya nini, hakuna aliyejua.

Ya tano ilitoka porini, kwenye lile pori refu kabla ya Namtumbo ambako hakuna nyumba. Mzee Hironimus, mtu asiyependa mambo ya mizungu, alisimama mbele ya ramani na kikombe chake cha chai. "Huyu mtu wako," alisema, "anakuja kwa miguu." Kisha akaona uso wa Kunegunda, akajuta, akaenda kunywea chai nje.

Siku zile Kunegunda hakuogopa namna watu wanavyodhani. Aliogopa kwamba Muhsini anakuja kuchukua jibu lake, naye amemwandika mfanyakazi mwenzake. Usiku hakulala vizuri, mchana alikuwa akisikia mtu anatamka mlefu katika kelele za soko, akigeuka haoni mtu. Ya sita ilitua Namtumbo. Ya saba ilitoka Hanga, mti ulio nyuma ya shamba la wamonaki. Kutoka Hanga hadi Songea ni mwendo wa asubuhi moja kwa gari. Alipima kwa rula. Pini ya nane, kama mstari haukupinda, ingekaa Bombambili, nyumbani kwao, ukingoni mwa ua.

Ijumaa ya tarehe tisa Agosti alikwenda ofisini akashindwa kukaa. Saa tatu na nusu aliomba ruhusa akarudi nyumbani, kwenye ukungu ambao jua lilikuwa linaupasua vipandevipande. Msolo ulikuwa mwekundu wote. Chini yake, juu ya ardhi iliyofagiliwa, palikuwa na chungu kidogo kimefunikwa kichwa chini.

Kunegunda alijua wazi kwamba asubuhi hakikuwapo. Akapiga magoti akakiinua. Ndani mlikuwa na unga wa mtama, umemwagwa ukasimama wenyewe na ncha yake, umetulia kabisa. Lakini chini, kuzunguka kitako, unga ulikuwa umelowa. Aliigusa ardhi kando yake, vumbi tupu. Mvua haikuwa imenyesha tangu Mei. Akanusa vidole vyake, vikanuka mto.

"Kifunike, mwanangu, bado hajafika."

Mlangoni alisimama mama mzee mwembamba, amejitanda kanga mbili, na nyuma yake Mama Leticia na sahani ya viazi vitamu, uso wake haujui uvae nini. Kunegunda akakirudisha chungu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mimi ndiye Mwanaisha wa Namasakata. Nimesikia huku kuna binti amemsomea mjukuu wangu misa. Nikasema nije nimwone anayemzika mtoto wangu, na nimtazamie hapa alipoanzia."

Hakuyasema kwa hasira. Alikaa kwenye kigoda, akamweleza taratibu, akitafuta maneno ya Kiswahili, kama mtu anayemfundisha mtoto kupepeta. Kwao msafiri ndiye humwagiwa unga. Ukiporomoka, safari imekataa, mtu abaki nyumbani. Ukisimama, aende, atarudi. Shehe wao akisikia hununa, lakini shehe mwenyewe alipokwenda Dar kutibiwa, mama yake alikuja kuuomba. Wa Muhsini ulisimama. Na huu ameumwaga leo, Kunegunda alipokwisha kwenda kazini, Mama Leticia ni shahidi, nao umesimama.

"Umelowa, bibi."

"Nimeona. Maji yalimfika. Yaliishia hapo." Akaonyesha kifuani mwake, chini kidogo ya shingo.

Kunegunda akaanza kulia, kilio alichokuwa amekibana tangu Juni. Akasema katikati yake kwamba amefanya kosa, kwamba amemwandika marehemu.

"Umemwandika wapi?"

"Kwenye kompyuta."

Bibi Mwanaisha alifikiri. "Basi kafute," alisema.

Kunegunda alikwenda mbio, sweta la zambarau limefunguka vifungo, akapita mashine ya kusaga, akapita soko, akasukuma watu wa foleni bila samahani. Kiti cha tatu kilikuwa kimekaliwa.

Koti la kijani lilikuwa limepauka, bega moja limeshonwa kwa uzi mweusi. Mkongojo uliegemezwa mezani. Aliyekaa alikuwa amekonda hadi masikio yanaonekana makubwa, na alikuwa anabonyeza kwa kidole kimoja, anakitazama, anabonyeza tena. Kwenye kioo maandishi mekundu yalisema: Mshiriki huyu ni marehemu. Haruhusiwi kutuma taarifa.

"Dada," alisema bila kugeuka, akidhani ni mwenye zamu, "hii mashine inaniambia nimekufa. Lichinga nako iliniambia hivyohivyo, karani akafanya ishara ya msalaba."

Kunegunda alishika mgongo wa kiti. Alitaka kumgusa bega akaogopa kwamba mkono utapita. Akaugusa. Lilikuwa bega, lina mfupa na joto.

"Ni mimi niliyekuandika," alisema.

Muhsini aligeuka. Walitazamana muda ambao foleni nzima iliona ni mrefu, na hakuna aliyelalamika.

"Kwa hasira?" aliuliza.

"Kwa ujinga. Nilidhani unga ni wa kaburi."

"Nilidhani umenifuta. Njia yote kutoka Lichinga nilikuwa nasema, mwanamke huyu hakutaka kusema hapana kwa mdomo, kaiambia mashine."

Akamsogezea nusu ya kiti. Kwa maneno machache akamweleza: kiboko, mtumbwi kupinduka, mguu kuvunjika mara mbili, wiki nane kwenye hospitali ya misheni isiyo na simu. Mfuko wa plastiki wenye karatasi zake ulielea, wenyeji wakaufikisha Lichinga kabla yake. Kunegunda akamuuliza kuhusu mstari wa pini, kwa nini miti ilikuwa inakuja. Muhsini alifikiri, kisha akacheka kile kicheko cha simuni. Karani wa Lichinga alichukua bunda la karatasi kama lilivyo, akaanza na ya juu. Ya juu ni ya mwisho kujazwa. Kila Ijumaa, siku yake ya laini, alichapa moja, akawa anarudi nyuma kuelekea mwanzo wa safari. Na Maelezo Mengine aliyaacha kwa sababu hakujua Kiswahili hata neno.

"Nilijaza saba," alisema, akitoa bahasha ndani ya koti. "Amechapa sita. Hii ya saba nimemnyang'anya."

Kunegunda alihesabu kwa vidole chini ya meza. "Nimepokea saba, Muhsini. Bila hiyo."

"Sita. Ya kwanza kwako ni ya kile kijiji cha ukingoni."

"Ya kwanza ilitoka katikati ya mto. Msolo, sentimeta arobaini na moja, urefu sifuri, hali hai."

Kicheko kilimtoka usoni polepole. Nje mtu alikuwa ananadi nyanya. Muhsini alitazama viganja vyake, ambavyo bado vilikuwa na makovu membamba ya kuparuzwa.

"Nilipotupwa majini palikuwa na gogo limelala juu ya maji," alisema. "Nililikumbatia mpaka asubuhi. Maji yalinifika hapa." Akaweka mkono chini kidogo ya shingo.

"Lilikuwa msolo?"

"Sikulipima, Gunda."

Hawakuliongea tena jambo hilo, siku ile wala baadaye. Fomu ile ipo, anayetaka aitafute. Kunegunda aliingia kwa namba yake, akalifungua jina la TZ-14, akaondoa marehemu akaweka hai. Mashine, kama kawaida yake, ikauliza uthibitisho. Akaandika: Nimemgusa. Ikauliza uhusiano. Alifuta mfanyakazi mwenzake, herufi moja moja, akiwa anaona fahari jinsi linavyopungua. Mahali pake akaacha patupu kwanza.

"Nipe hiyo ya saba."

Karatasi ilikuwa imekunjamana, wino umetawanyika kwa maji, lakini ilisomeka. Msolo, Bombambili, ukingoni mwa ua. Unene sentimeta thelathini na tatu. Mlefu, hali nzuri. Na chini, mahali alipofunika kwa kiganja siku ile: Mwenye mti huu bado hajanijibu.

Kunegunda aliichapa fomu yote kwa vidole kumi, upesi, kama ilivyo kazi yake. Hakusahihisha mlefu. Alipofika kwenye Maelezo Mengine alisimama, akijua kwamba Zomba wanasoma, Lichinga wanasoma, na jioni mama yake naye atakuwa amesikia kutoka kwenye foleni iliyokuwa imeinama yote mabegani mwao. Alirudi kwanza kwenye ule uhusiano ulioachwa wazi, akaandika mchumba. Kisha chini ya maneno ya Muhsini akaongeza neno moja, akaituma.

Amejibu.